Kitoweo Kibichi na Tumbo la Mtoto wa Paka

Mwezi uliopita paka aliyekuwa akilala chini ya tangi la maji, nyuma ya nyumba yetu, aligongwa na pikipiki. Aliacha watoto wanne ambao macho yao yalikuwa yamekwisha kufunguka na meno yameanza kuchomoza. Mjukuu wetu wa miaka tisa aliwatia kapuni akawaleta jikoni, na kabla ya Magharibi kila mmoja nyumbani alikuwa na fatwa yake. Mmoja alileta maziwa ya ng'ombe. Mwingine alikatakata matumbo ya samaki. Nasi, kwa kuwa tulijua kwamba paka ni mla nyama, tuliagiza wapewe ini bichi. Siku ya tatu mmoja wao alikuwa amelala ubavu, mkia umelowa, hawezi hata kuinua kichwa. "Babu, mbona hali?" aliuliza mjukuu wetu. Hatukuwa na jibu. Kiumbe yule alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Wengi wetu tulifunzwa tangu chuoni kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Somo tulilozoea kulitoa hapo ni kwamba mnyama asinyimwe. Lakini yuko pia anayelishwa kwa moyo mkunjufu akafa kwa chakula chenyewe, na huyo hatukuwahi kumtafakari mpaka tulipomzika mmoja chini ya mstafeli.

Asubuhi ile tuliwapeleka watatu waliosalia kwa daktari wa mifugo. Hakutukemea, ingawa tulistahili. Aliuliza walikula nini, tukamweleza, naye akatikisa kichwa mara tatu: kwa maziwa, kwa matumbo ya samaki, na kwa ini.

Maziwa ya ng'ombe ni hafifu kwa mtoto wa paka, kwani ya mama yake yana protini na mafuta zaidi. Isitoshe, sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe huwashinda wengi wao kuimeng'enya. Hubaki utumboni, huvuta maji, na matokeo yake ni kuharisha. Yupo maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa paka, na hayo ndiyo yanayofaa mpaka watakapoachishwa. Kuachishwa huanza kama wiki ya nne na hukamilika karibu na wiki ya nane. Tena mtoto aliyepoa mwili asilishwe kabla ya kupashwa joto, kwa maana tumbo lake halifanyi kazi akiwa baridi.

Kuhusu samaki, wako baadhi ambao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao kila siku huishia kuyumba na kupata kifafa. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Ama ini, lina vitamini A nyingi mno. Kidogo ni dawa; likiwa ndilo chakula cha kila siku, mifupa ya shingo huota vinundu na kushikana hata paka ashindwe kugeuka. Akina mama wanaonunua ini kwa paka kwa sababu ni laini, na sisi tulikuwa miongoni mwao, walifanye kuwa sehemu moja kwa ishirini ya kitoweo, basi.

Hapo tulimuuliza daktari swali lililokuwa likitukera: paka wa mitaani mbona hula vibichi na hunawiri? Jibu lake tungali tunalifikiri. Paka wa mitaani, alisema, hali nyama, hula panya. Panya mzima ana mifupa ya kumpa chokaa, ana moyo, ana ini dogo la kadiri yake, ana damu na maji. Sisi tunamnunulia paka minofu mitupu, tunaiita chakula cha maumbile, kumbe tumemnyang'anya nusu ya panya wake.

Minofu ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo sana. Mtoto anayekua, akilishwa hiyo peke yake kwa majuma kadhaa, mwili wake huanza kuichota chokaa kutoka mifupani, na tumewahi kusikia paka mchanga amevunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kitandani. Kuna pia taurini, kitu ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wake hulegeza misuli ya moyo wa paka. Upungufu huohuo hupofusha macho. Taurini ipo katika moyo wa kuku na wa ng'ombe na katika nyama nyeusi ya paja. Huyeyukia majini nyama inapochemshwa, kwa hiyo ile supu isimwagwe. Mchanganyie nayo.

Je, nyama mbichi ni haramu kwake? La, hatusemi hivyo. Tunasema kwamba kuku wa sokoni, katika joto letu hili, mara nyingi hubeba vijidudu vya salmonela, na mtoto wa wiki sita hana kinga ya mkubwa. Kugandisha kwa siku kadhaa huua vijidudu vya toksoplasma vilivyomo nyamani, lakini salmonela hulala tu na kuamka barafu inapoyeyuka. Mwishoni mwa mwaka 2024, katika jimbo la Oregon huko Marekani, paka wa nyumbani alikufa kwa mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha kiwandani kilichokuwa kimegandishwa. Rai yetu ni kwamba mtoto wa paka apikiwe mpaka aachishwe kabisa na amalize chanjo zake, na msingi wa mlo wake uwe chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa paka, nyama ikiwa nyongeza. Anayetaka kumlisha nyama tupu, mbichi au iliyopikwa, amwombe daktari ampimie chokaa na vitamini. Asikisie.

Na atakayechagua kibichi licha ya hayo, aanze na aina moja ya nyama, kijiko kidogo ndani ya chakula alichozoea, aongeze taratibu kwa siku saba hadi kumi. Haraka ndiyo inayoharibu matumbo mengi. Nyama isikae sahanini zaidi ya nusu saa, na kisu na ubao wake visiwe vya kukatia kachumbari. Mifupa iliyopikwa asipewe kamwe, kwani hupasuka vipande vikali. Vitunguu maji na thomu ni sumu kwake, kwa hiyo mabaki ya pilau na mchuzi wetu hayamfai, hata alie vipi chini ya meza.

Sasa, tumbo likisha kuharibika. Mkubwa mwenye afya huenda akapumzishwa kula kidogo, lakini mtoto hafungishwi njaa. Akiba yake ya sukari mwilini huisha upesi, akalegea na kuzirai. Ondoa kila kitu kipya ulichompa. Mpe kuku aliyechemshwa bila chumvi wala viungo, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na maji safi karibu naye. Vuta taratibu ngozi ya mabegani: isiporudi mara moja, na ufizi ukiwa mkavu wenye kunata, maji yamempungukia, na hapo hakuna kungoja kesho. Vivyo hivyo akitapika mara kwa mara, akiharisha damu, au akikataa kula kwa nusu siku. Huenda si chakula tena. Minyoo hupita kwa maziwa ya mama, na uko ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa paka na kuua kwa siku chache, ambao kinga yake ni chanjo inayoanza wiki ya sita hadi ya nane. Dawa za watu tuziache kabatini. Tembe moja ya paracetamol yatosha kumuua paka, na hata zile za kuzuia kuharisha zisitumiwe bila daktari.

Binti yetu alikuwa na mimba ya miezi minne wakati vipaka wale walipoingia, na mama mkwe wake alituma salamu kwamba wafukuzwe. Hakukuwa na haja. Toksoplasma inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ni kweli, lakini mayai yake katika kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Sanduku la mchanga likisafishwa kila siku, na mtu mwingine asiye mja mzito, hatari hupungua sana. Yeye ajiepushe na kushika nyama mbichi, anawe kwa sabuni, ale nyama iliyoiva. Hii ni sababu nyingine ya kutomlisha paka kibichi katika nyumba yenye mja mzito, kwa kuwa humo ndimo paka anamoweza kuupata.

Akina mama wametuuliza pia kuhusu Sala. Paka mwenyewe ni twahara na mate yake ni twahara. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimhesabu miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kinyesi na matapishi yake ni najisi. Kitanga kilichochafuliwa kiondolewe uchafu, kisha kioshwe kwa maji mpaka rangi, harufu na ladha viondoke.

Wale watatu walipona. Wawili wamechukuliwa na jirani, ambaye mjukuu wetu amemwandikia karatasi ndefu ya masharti na kuibandika mlangoni pa friji yake. Wa tatu yupo kwetu. Kila Ijumaa, baada ya Sala, huwekwa ndani ya bakuli juu ya mizani ya jikoni, maana mtoto wa paka hupaswa kuongeza kama gramu 100 kwa juma. Ijumaa iliyopita alifikia gramu 720, akaruka kutoka bakulini kabla hatujamaliza kuandika.