Ngoma za Ugogo: Kwa Nini Sauti ya Kiwanjani Haifanani na Sauti ya Redioni

Mtu aliyezoea kuusikia muziki wa Wagogo kwa njia ya redio, akihudhuria kwa mara ya kwanza onyesho la kikundi cha ngoma katika kijiji cha wilaya ya Chamwino, au pale Chimwaga penyewe, hushangazwa na mambo matatu. Kwanza, ilimba ina mnguno ambao redioni hausikiki sawasawa. Pili, sauti za waimbaji zinapokutana hutoa ladha ambayo haipatikani katika kwaya inayofuata kinanda. Tatu, onyesho likiendelea mpaka usiku, ngoma husikika katika vijiji ambavyo mchana havikusikia kitu.

Watu wengi huridhika kusema kwamba hayo ni mambo ya jadi, basi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila moja kati ya hayo matatu lina maelezo katika fizikia inayofundishwa shule za sekondari, na kwamba mwalimu wa somo hilo mkoani Dodoma amezungukwa na maabara ambayo haikununuliwa na mtu.

Vyombo vyenyewe

Vyombo vikuu vya Wagogo ni ilimba, zeze na ngoma. Ilimba ni sanduku la mti lililopangwa juu yake ndimi za chuma, ambazo mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Zeze lina kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini, na uzi mmoja au zaidi unaosuguliwa kwa upinde. Ngoma za muheme ni ndefu, zenye kiuno chembamba, na hupigwa na wanawake, jambo ambalo si la kawaida katika sehemu nyingi za Afrika.

Muziki huu umekwisha kufika mbali. Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1950, na rekodi zake zimehifadhiwa Afrika ya Kusini. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Ugogo aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa wasanii na walimu mashuhuri wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Aliupeleka muziki huo katika majukwaa ya Ulaya, Marekani na Asia, na alitengeneza ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko zilizokuwa zimezoeleka.

Ulimi na uzi

Tuanze na chanzo cha sauti. Sauti ni mtetemo, na wembamba au unene wa sauti hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Uzi wa zeze ukikatwa kwa kidole katikati, nusu yake hutetema mara mbili zaidi kwa sekunde, nasi husikia sauti ileile ikiwa juu kwa oktava moja. Kwa maneno mengine, idadi ya mitetemo hugawanyika kwa urefu wa uzi.

Ulimi wa ilimba una tabia tofauti. Kwa kuwa umebanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, idadi ya mitetemo yake hugawanyika kwa mraba wa urefu. Ulimi ukipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi tu, sauti yake hupanda kwa kadiri ya asilimia 23. Ndiyo sababu fundi wa ilimba husogeza ulimi kwa kiasi kidogo mno, kama upana wa unywele, kisha akasikiliza. Akitaka kuishusha sauti, huweza pia kubandika nta kidogo kwenye ncha, maana ncha ikiwa nzito ulimi hutetema polepole.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Bana kwenye jiliwa kipande cha wembe wa msumeno wa kukatia chuma, ukiacha sentimita 5 nje, kisha ukiguse kwa kidole na kukiachia. Baadaye acha sentimita 3.5 tu. Wanafunzi watasikia sauti ikipanda karibu oktava nzima, ingawa urefu haukupungua kufikia nusu. Wafanye hesabu wenyewe: 5 ukigawanya kwa 3.5, na jibu likipigwa mraba, hutoka 2.04.

Mnguno si kasoro

Sasa tulitazame jambo la kwanza. Sanduku la ilimba lina tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mwembamba wa buibui. Hewa iliyomo sandukuni ikitikiswa na ndimi, utando nao hutikisika na kutoa mnguno. Msikilizaji mgeni hudhani kuna kitu kimelegea. Hakuna. Mnguno huo umetafutwa kwa makusudi, kama vile wapigaji wa mbira wa Zimbabwe wanavyofunga makoa au vifuniko vya chupa kwenye vyombo vyao.

Faida yake ni hii. Sikio la mwanadamu husikia kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000. Ndimi nene za ilimba hutetema chini kabisa ya kiwango hicho, hivyo sauti yake hufunikwa kwa urahisi na ngoma na vigelegele. Utando huchukua sehemu ya nguvu ya mtetemo na kuigeuza kuwa sauti nyembamba zinazoangukia mahali ambapo sikio ni kali. Hicho ni kipaza sauti kisichohitaji umeme.

Katika ilimba kubwa kuna pia ndimi ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Zimelinganishwa na ndimi zinazopigwa, nazo hutetema zenyewe jirani zake wanapotetema. Ni kanuni ileile ya bembea: ukiisukuma kidogo kidogo kwa mwendo wake yenyewe, itapanda juu; ukiisukuma ovyo, haitapanda.

Ngazi iliyomo ndani ya sauti

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Uzi wa zeze unapotetema hautoi sauti moja tu. Hutetema mzima, na papo hapo hutetema kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Ikiwa uzi mzima unatetema mara 100 kwa sekunde, ndani yake zimo pia 200, 300, 400 na kadhalika. Koo la mwanadamu hufanya vivyo hivyo. Hii ndiyo tunayoweza kuiita ngazi ya asili ya sauti.

Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyeanza kuchunguza muziki wa Afrika mwaka 1959, ameeleza kwamba sauti wanazotumia Wagogo katika kuimba zimechaguliwa kutoka katika ngazi hiyo, kuanzia kipandio cha nne mpaka cha tisa au cha kumi. Katika mfano wetu, hizo ni 400, 500, 600, 700, 800, 900 na 1,000. Kwa kuwa 800 ni oktava ya 400, na 1,000 ni oktava ya 500, zinabaki sauti tano zilizo tofauti. Mwimbaji wa pili, ili apatane na wa kwanza, mara nyingi huruka kipandio kimoja: wa kwanza akiwa kwenye 600, wa pili yu kwenye 800, wa kwanza akiwa kwenye 800, wa pili yu kwenye 1,000. Uwiano wa sauti hizo ni 3 kwa 4 na 4 kwa 5, namba ndogo zinazogawanyika vizuri, na kwa hiyo sauti mbili huungana bila kusuguana.

Kinanda kimejengwa kwa mpango mwingine. Oktava yake imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuanzia wimbo mahali popote. Mpango huo una manufaa yake, lakini una gharama. Tuulinganishe na ngazi ya Wagogo, tukianzia hezi 400. Mahali pa 500, kinanda hutoa 504. Mahali pa 600, hutoa 599. Mahali pa 900, hutoa 898. Tofauti hizo ni ndogo. Lakini mahali pa 700, sauti ya kinanda iliyo karibu zaidi ni 713. Ilimba na kinanda vikipigwa pamoja mahali hapo, masikio husikia mtikisiko wa mara 13 kwa sekunde, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Hiyo ndiyo sauti ambayo msikilizaji aliyelelewa na kinanda husema kwamba Mgogo ameikosea. Ukweli ni kwamba Mgogo yuko kwenye 7 kamili, na kinanda ndicho kilichopita.

Usiku wa uwandani

Jambo la tatu lahusu hewa. Sauti husafiri kwa kadiri ya mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za sentigredi, na kadiri ya mita 349 katika hewa ya nyuzi 30. Mchana, jua la Dodoma huchoma ardhi, nayo ardhi huipasha hewa iliyo karibu nayo. Sauti iliyo chini huenda mbio kuliko iliyo juu, hivyo wimbi zima hupinda kuelekea angani na kuwapita juu watu walio mbali. Usiku mambo hugeuka. Mbingu ikiwa kavu na nyeupe, ardhi hupoteza joto upesi, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na wimbi hupinda kurudi chini. Kwa hiyo kijiji jirani huipata ngoma ambayo mchana ilikipita juu.

Hewa huigusa ngoma yenyewe pia. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na sauti hushuka. Ndiyo maana ngoma huotwa kwenye moto kabla ya kupigwa, hasa katika majira ya mvua: joto hufukuza unyevu, ngozi hukaza, na sauti hupanda.

Nafasi kati ya wachezaji nayo haikupangwa ovyo. Sauti huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda mita 34. Wachezaji wakitawanywa katika uwanja wa michezo, aliye upande huu humsikia mwenzake akiwa amechelewa, na mwendo huvunjika. Kikundi kinachosimama karibu karibu hakipati taabu hiyo. Katika ukumbi mkubwa huongezeka taabu nyingine: sauti inayokwenda mita 17, ikagonga ukuta na kurudi, nayo hufika ikiwa imechelewa kiasi hicho hicho. Chimwaga inajulikana nchini kote kwa ukumbi wake, ambamo Chama cha Mapinduzi kilifanya mkutano wa kumteua mgombea wake wa urais mwaka 1995, na ambao baadaye uliingia katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Kumbi kubwa za namna hiyo hujengwa kwa ajili ya hotuba. Kiwanja cha wazi, chenye udongo na watazamaji waliosimama duara, hakirudishi sauti, na ngoma za haraka za muheme husikika kila pigo mahali pake.

Kinachoweza kupotea

Sasa twaweza kuona hatari ilipo. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja nao hutoa sauti za juu, lakini ya kwanza kati yake ni takriban mara 6 na robo ya sauti ya msingi. Haimo katika ngazi ile ya asili. Maana yake ni kwamba ilimba yenyewe haiwezi kumfundisha fundi namna ya kuilinganisha. Ngazi imo katika uzi, katika koo, na zaidi ya yote katika sikio la mtu aliyewasikia wenzake wakiimba.

Siku hizi simu huweza kuwekewa programu ya kulinganishia ala, na programu hizo kwa kawaida hufuata kinanda. Kijana mwenye bidii akiitegemea, ataisogeza sauti ya 700 mpaka 713 akiamini kwamba anasahihisha. Fundi wa mitambo studioni naye, asipoelezwa, ataufuta mnguno wa utando akidhani ni kelele. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Lakini kizazi kimoja cha masahihisho ya namna hiyo chatosha kuifuta ngazi, kwa kuwa haikuandikwa popote ila masikioni.

Hatusemi kwamba ilimba isipigwe pamoja na gitaa, wala kwamba vijana waache simu. Programu ileile inayopotosha yaweza kuokoa, maana huonyesha pia idadi ya hezi. Kwa hiyo twapendekeza kazi moja kwa shule za Dodoma na mikoa jirani. Wanafunzi waende kwa wapigaji wazee, wakiwa na ruhusa yao, wapime sauti ya kila ulimi kabla haujaguswa na mtu, waandike namba katika daftari pamoja na urefu wa ulimi, jina la kijiji na tarehe, kisha wagawanye namba hizo na kutazama kama zinaangukia 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10. Wapime ilimba nyingi, maana mafundi hutofautiana, na tofauti hizo nazo ni elimu. Daftari litunzwe maktabani, na nakala apewe mwenye ilimba.