KENYA: MAKANISA, SHERIA NA UTOAJI MIMBA



Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, wananchi wa nchi jirani ya Kenya waliikubali Katiba mpya kwa kura zipatazo asilimia 67. Walifanya hivyo ijapokuwa maaskofu Wakatoliki na Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya waliwahimiza waumini waikatae. Viongozi hao walikuwa na sababu kuu mbili. Ya kwanza ilihusu Mahakama za Kadhi. Ya pili, ambayo ndiyo shabaha ya mazungumzo haya, ilihusu Ibara ya 26, yaani ibara ya haki ya kuishi.

Ibara hiyo inatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Hilo makanisa yalilidai na yakalipata. Lakini ibara hiyo hiyo, baada ya kukataza utoaji mimba, inaweka nafasi: pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba uhai au afya ya mama imo hatarini, au pale sheria nyingine iliyoandikwa itakaporuhusu. Neno "afya" ndilo lililozua ubishi. Makanisa yalihofu kwamba neno hilo ni pana mno, na kwamba kila tabibu angelivuta atakavyo. Watetezi wa Katiba walijibu kwamba si haki kumngoja mama akaribie kukata roho ndipo atibiwe.

Ili kuuelewa ubishi huo, yafaa kuyatazama mafundisho yenyewe. Wakristo wengi hurejea Zaburi ya 139 na mwito wa nabii Yeremia, ambamo Mungu anamjua mtu angali tumboni mwa mamaye. Hata hivyo, Biblia haina amri inayotaja utoaji mimba waziwazi. Sheria iliyo karibu zaidi imo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, juu ya watu wanaopigana wakamwumiza mwanamke mjamzito. Na wafasiri wamehitilafiana juu ya maana yake tangu kale. Katazo la wazi limo katika Didake, kitabu cha Wakristo wa mwanzo kabisa.

Kanisa Katoliki limeshikilia katazo hilo bila kulegeza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alidhani kwamba roho ya kibinadamu huingia mwilini baada ya muda fulani wa mimba. Lakini hata yeye hakuhalalisha kuitoa. Papa Yohane Paulo wa Pili alilithibitisha fundisho hilo mwaka 1995 katika waraka wake uitwao Injili ya Uhai. Kwa sheria ya Kanisa hilo, anayetoa mimba kwa makusudi hujitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe, ingawa adhabu hiyo haimpati asiyetimiza miaka 18. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote idhini ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu.

Hata hivyo, Kanisa hilo halisemi kwamba mama aachwe afe bila kutibiwa. Mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi aweza kupasuliwa, hata kama mtoto atapotea, kwa kuwa kinacholengwa ni kuondoa ugonjwa, wala si kumwua mtoto. Linalokataliwa ni kumwua mtoto moja kwa moja, iwe kama lengo au kama njia ya kulifikia lengo jema.

Hapo ndipo makanisa mengine yanapoachana nalo. Maaskofu wa Anglikana, katika mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1958, waliulaani utoaji mimba, lakini wakakubali kwamba haja ya kitabibu iliyo kali na isiyokanushika yaweza kuulazimu. Waprotestanti wengi wana msimamo unaofanana na huo: kwamba mimba ni uhai wa kuheshimiwa, na kwamba mama naye ni uhai.

Ndugu wasikilizaji, kwa askari polisi jambo hili si la mimbarani tu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 158 hadi 160, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Askari wa Tanzania atazitambua adhabu hizo, kwani ndizo zilizomo katika vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni yetu. Nchi zote mbili zilizirithi kutoka kwa Waingereza.

Mwaka 2019, katika Kaunti ya Kilifi, polisi waliingia katika zahanati wakamkamata msichana wa shule aliyekuwa akitibiwa, pamoja na tabibu wake. Mwezi Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba kukamatwa huko hakukuwa halali. Uamuzi huo ulipingwa katika rufani, na hoja za wanasheria zikaendelea. Lakini jambo moja li wazi katika maandishi ya Katiba yenyewe: maoni juu ya hatari inayomkabili mama yamewekwa mikononi mwa mtaalamu wa afya, wala hayakuwekwa mikononi mwa askari au mchungaji.

Askari aweza kuwa Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu au asiye na dini, naye ana haki ya kuamini aaminivyo. Lakini mwanamke anayevuja damu kitandani aweza kuwa ametoa mimba, au mimba imeharibika yenyewe, na kwa macho tu askari hawezi kutofautisha. Akimhoji kabla hajatibiwa, aweza kuupoteza uhai ule ule ambao makanisa na sheria husema vinaulinda. Wajibu wake wa kwanza ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anafika kwa daktari. Upelelezi, kama upo wa kufanywa, utafuata baadaye na kwa mujibu wa sheria.