Mwenye Mali Asiye na cha Kununulia Chakula

Mwaka 1871 Dakta Livingstone aliingia hapa Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na mchovu, akitumai kuikuta shehena yake ya nguo na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za bara siku zile. Akakuta imekwisha kuuzwa na yule aliyeaminiwa kuilinda. Alikuwa na mali nyingine Unyanyembe, upande wa Tabora, lakini vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia. Basi mwenye mali akabaki na nguo na shanga chache tu za kununulia chakula, hata Stanley alipomfikia.

Tumelitaja jambo hili kwa kuwa vijana wetu wengine sasa hununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na wengine huyakopesha maduka bidhaa, nao hutazama faida peke yake. Faida haimjibu mdai aliyesimama mlangoni.

Wahasibu wana kipimo chake. Huchukua mali itarajiwayo kugeuka fedha ndani ya mwaka mmoja, yaani fedha taslimu, madeni ambayo kampuni inawadai watu, na bidhaa zilizo ghalani, wakaigawanya kwa madeni yapasayo kulipwa ndani ya mwaka huo huo. Nyumba na mitambo havihesabiwi.

Tuchukue mfanyabiashara wa dagaa. Ana taslimu shilingi 2,000,000, anawadai watu 3,000,000, na ghalani mna dagaa wa 7,000,000; naye anadaiwa 6,000,000. Kumi na mbili kwa sita ni 2: yuko salama. Lakini ukiwatoa dagaa, hubaki 5 kwa 6, yapata 0.83, na taslimu peke yake ni thuluthi ya deni. Kwetu sisi hesabu hii ya pili ndiyo ya kutazamwa zaidi, kwani dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka huoza. Wala zile 3,000,000 zisiaminiwe upesi. Twawajua watu ambao majina yao hayakosi katika daftari la kila duka.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenye chombo cha mamilioni alikifunga ufukweni, na deni la injini halikufungwa pamoja nacho.

Nako Kenya, Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa hata Uganda, Rwanda na Tanzania. Waliokuwa wakiiuzia bidhaa walipokosa kulipwa, waliacha kuleta. Mwaka 2017 rafu zikawa tupu, na Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi.

Hata hivyo, duka liuzalo kwa taslimu kila siku na kuwalipa wauzaji wake baadaye laweza kuishi vyema chini ya 1, na kampuni yenye 5 huenda imejaza ghala kwa vitu visivyonunuliwa. Kwa hiyo mizania ya mwaka mmoja haitoshi. Itazamwe ya miaka mitatu, ilinganishwe na ya kampuni ya biashara ile ile.

Mwenye duka asiye na mizania aweza kuipata hesabu hii katika daftari lake, iwapo ameandika muda wa kila deni, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Asipouandika, hatajua lipi ni la mwaka huu na lipi ni la mwaka ujao.