Mafuta ya lavenda si maua tu

Nipo hapa Uingereza. Dada mmoja alinipigia simu saa nne usiku, analia. Mtoto wake wa miaka miwili amefungua kichupa cha mafuta ya lavenda kilichokuwa kando ya kitanda, amekunywa. Mtoto alitapika, kisha akawa analegea na kusinzia. Alhamdulillahi, alikesha hospitali akiangaliwa na asubuhi akarudi nyumbani mzima. Kilichonishangaza ni swali la mama: "Kwani si ni maua tu?"

Si maua tu. Mvuke hupitishwa kwenye maua ya lavenda (Waarabu huyaita khuzama), na mvuke ukipoa mafuta huelea juu ya maji. Maua mengi hutoa mafuta kidogo sana, ndiyo maana ni makali. Wenzetu wa Unguja na Pemba wanayajua mafuta ya karafuu, tone moja likigusa ulimi unawaka. Haya nayo ni ya ukoo huohuo wa mafuta makali.

Faida zipo. Wengi wanaofanya kazi za shifti wanasema harufu yake huwatuliza na kuwaletea usingizi. Matone mawili kwenye kitambaa karibu na mto yanatosha. Ujerumani famasi huuza vidonge vya miligramu 80 za mafuta haya kwa wenye wasiwasi, na vimefanyiwa utafiti. Lakini vile ni dawa iliyopimwa. Usichukue kichupa cha dukani ukatia tone kwenye chai!

Kwa kukanda mwili, usiyapake matupu. Tia matone 12 kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, jaribu kidogo ndani ya kiwiko, ungoje hadi kesho yake. Ikiwasha, basi acha. Kichupa cha zamani huwasha zaidi, kwa sababu hewa ikiingia hubadilisha mafuta yenyewe. Na usidondoshe matone kwenye maji ya kuogea, hayachanganyiki na maji, yatakung'ang'ania ngozini. Wajawazito waulize mkunga kwanza, na anayetumia dawa za usingizi amwone mfamasia.

Mkemia Mfaransa Gattefossé aliungua maabarani mwaka 1910, na tangu hapo watu husimulia kuwa lavenda ni dawa ya moto. Aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20, asipakwe mafuta yoyote.

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliandika habari za wavulana watatu waliovimba matiti huku wakitumia bidhaa zenye lavenda, mmoja wao pamoja na mafuta ya mti wa chai. Walipoacha, uvimbe ulipungua. Wataalamu wengine wanabisha, na tafiti za baadaye hazikukubaliana. Mimi binafsi sioni haja ya kumpaka mtoto kila siku.

Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Piga 111, na kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani. Akisinzia, akikohoa sana au akipumua kwa taabu, piga 999. Chukua na kichupa chenyewe, daktari atataka kukiona.