Hitilafu Isiyoandikwa: Seva ya Unix na Lugha ya Msomaji wa Isiolo

Seva ni programu ikaayo macho. Kazi yake ni kungoja ombi litokalo mbali, kulisoma, kulitafuta faili linalotakiwa na kulipeleka kwa aliyeliomba. Jina hilo hupewa pia mashine ambamo programu hiyo inakaa, lakini katika makala haya neno seva litakuwa na maana ya programu tu. Sehemu kubwa ya seva za kurasa za mtandao huendeshwa katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie, au katika Linux, mfumo ulioandikwa kwa mfano wa Unix tangu mwaka 1991. Katika mifumo hiyo kuna tabia moja inayowahusu sana wanalugha, nayo ni kwamba karibu kila jambo huandikwa kwa matini ya kawaida. Usanidi wa seva ni matini, na kumbukumbu za makosa yake ni matini. Atafutaye hitilafu humo hufanya kazi ya msomaji kabla ya kufanya kazi ya fundi.

Hitilafu zenyewe ni za namna mbili. Ziko zile ambazo seva huziandika yenyewe, na iko ile ambayo seva haiiandiki kwa sababu haioni kwamba ni hitilafu. Hii ya pili ndiyo inayostahili kuchunguzwa na idara za lugha, na mahali pafaapo kuionyesha ni Isiolo.

Mji wa Isiolo uko mlangoni pa kaskazini ya Kenya, kwenye barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale. Katika kaunti hiyo, ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wake kuwa 268,002, husikika Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Walakini taarifa nyingi zinazowahusu wafugaji hutolewa kwa Kiingereza. Hata taarifa za tahadhari ya ukame, ambazo mamlaka ya taifa inayoshughulikia ukame huzitoa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ndivyo zilivyo. Basi ichukuliwe kwamba ofisi fulani imefanya juhudi, imeifasiri ilani ya ukame kwa Kiswahili sanifu, na imeiweka katika seva yake kando ya ile ya Kiingereza. Mfugaji wa Merti anafungua ukurasa kwa simu ambayo ameipanga kwa Kiswahili. Anapata Kiingereza. Kulikoni?

Fundi ataanza na zile hitilafu zinazosema. Kwanza atauliza kama seva inaendeshwa na kama inasikiliza. Amri ss -ltn huonyesha ni kwa nambari zipi programu za mashine zinangoja maombi. Kwa kawaida kurasa za mtandao hutumia 80, na zile zenye usimbaji wa siri hutumia 443. Kuhusu nambari hizo kuna neno la kusemwa. Mfasiri mwenye haraka huziita bandari, kwa kuwa neno la Kiingereza linafanana na lile la mahali pa kutia nanga. Lakini hapo hapatii nanga kitu; panaingiwa na kutokewa. Mlango ni neno bora zaidi, na linaeleweka bila maelezo: mlango wa 80 umefungwa, mlango wa 443 unashikiliwa na programu nyingine. Hali kadhalika ile herufi d iliyo mwishoni mwa httpd, jina la programu ya Apache, ni kifupi cha neno la Kiingereza ambalo asili yake ni Kiyunani, lenye maana ya roho isiyoonekana inayotenda kazi. Kulifasiri kwa pepo au shetani kungezua kicheko mahali pengine na chuki mahali pengine. Mtumishi wa chinichini inatosha.

Ikiwa mlango hausikilizi, huenda usanidi una kosa la maandishi. Amri apachectl configtest huusoma wote na kutaja faili na mstari wenye kasoro. Seva haipasi kuwashwa upya kabla ya amri hii kujibu kwamba sintaksia ni sawa. Ikiwa seva inasikiliza lakini ukurasa hauji, nambari ya jibu hueleza mengi. 404 ni kusema kitu hakikupatikana. 403 ni kusema kipo lakini umekatazwa, na mara nyingi sababu ni ruhusa za Unix: haitoshi faili lenyewe liwe na ruhusa ya kusomwa, bali kila saraka iliyo njiani, tangu ile ya juu kabisa, sharti iwe na ruhusa ya kupitika kwa yule mtumiaji ambaye seva huendeshwa kwa jina lake. 500 ni hitilafu ya ndani, na hiyo haielezwi kwa mgeni. Maelezo yake yamo katika faili la kumbukumbu, ambalo katika Debian ni /var/log/apache2/error.log, na katika jamii ya Red Hat ni /var/log/httpd/error_log. Husomwa kuanzia mwisho, kwa amri tail. Makosa haya yameelezwa pengi, wala hayahitaji kurefushwa hapa.

Lakini kwa yule mfugaji hakuna hata moja kati ya hayo. Seva inasikiliza, sintaksia ni sawa, ruhusa zimetimia. Faili la kumbukumbu za makosa ni tupu. Kumbukumbu za maombi zinaonyesha nambari 200, maana yake ombi limetimizwa vyema. Kwa maoni ya seva hakuna lililoharibika.

Ili kuifahamu hitilafu hii yapasa kujua jinsi lugha inavyochaguliwa. Kila kivinjari, kinapotuma ombi, hutuma pamoja nalo maelezo mafupi, na mojawapo ni mstari uitwao Accept-Language, unaotaja lugha ambazo msomaji angependa, kwa mpango wa upendeleo. Kiswahili hutambulishwa kwa sw, Kisomali kwa so, Kioromo kwa om. Apache, seva iliyoanza kutolewa mwaka 1995 na ambayo bado inatumika sana, huweza kuusoma mstari huo na kuchagua faili lifaalo, iwapo imeamriwa kwa Options +MultiViews. Mafaili huitwa ilani.html.sw na ilani.html.en, msomaji huomba ilani tu, na seva huchagua. Mwanaisimu atafurahi kuona kwamba kinachotenda kazi hapo ni kiambishi tamati: shina ni ilani, na vinavyofuata ni viambishi viwili, cha kwanza kikionyesha aina ya matini na cha pili lugha.

Walakini kiambishi hakina maana mpaka kitangazwe. Pamoja na Apache ya toleo la 2.4 husambazwa faili la usanidi liitwalo httpd-languages.conf, lenye orodha ya lugha zilizokwisha kutangazwa. Kikatalani kimo, Kiestonia kimo, Kilasembagi kimo, na hata Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja, kimo. Kiswahili hakimo, wala lugha nyingine yoyote ya asili ya Afrika. Matokeo yake si kwamba faili la Kiswahili huchukuliwa kuwa baya. Seva, ikikuta kiambishi isichokijua, huliondoa faili hilo katika mashindano kabla hayajaanza. Linabakia Kiingereza peke yake, linashinda, na ushindi huo unaandikwa 200. Faili la Kiswahili limekaa katika saraka ile ile, zima, linasomeka, na halitaombwa kamwe na mtu asiyelijua jina lake kamili.

Dawa ni mstari mmoja:

AddLanguage sw .sw

na mingine ya namna hiyo kwa so na om. Kisha huongezwa LanguagePriority sw en, ili yule ambaye lugha zake zote hazipo asirudishwe mikono mitupu, pamoja na ForceLanguagePriority Prefer Fallback. Uthibitisho haufanywi kwa kuutazama ukurasa, kwa maana vivinjari huhifadhi nakala za zamani. Hufanywa kwa amri curl -I -H 'Accept-Language: sw' ikifuatwa na anwani ya ukurasa. Jibu likiwa na mstari Content-Language: sw, jambo limekwisha. Hata hivyo jibu hilo lisomwe mpaka mwisho. Sharti uwemo pia mstari Vary wenye kutaja accept-language, la sivyo hifadhi zilizo njiani zitampa msomaji wa pili lugha ya msomaji wa kwanza.

Kuna tabaka la pili la hitilafu hiyo hiyo, nalo ni la hila zaidi. Baadhi ya programu hazitumi sw bali sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya, na kisha en kwa upendeleo wa chini, bila kulitaja sw peke yake. Apache huchukulia kwamba sw-KE na sw si kitu kimoja. Huuacha ule mkia wa nchi pale tu ambapo hakuna lugha nyingine inayolingana na ombi, na kwa kuwa hapa Kiingereza kinalingana, Kiingereza ndicho hupelekwa, ijapokuwa msomaji amekitaja cha pili. Kwa wanaisimu huu ni mgogoro wa zamani wa lugha na lahaja, ila hapa umeamuliwa kwa kistari. Huweza kurekebishwa kwa mstari huu:

SetEnvIf Accept-Language "^sw([-,;]|$)" prefer-language=sw

Mabano yaliyo kati hayakuwekwa kwa pambo. Kama ingeandikwa ^sw tu, mstari huo ungemchukua pia aombaye swb, ambacho ni Kikomoro cha Maore, akapewa Kiswahili kana kwamba ndicho chake.

Baada ya lugha kuchaguliwa, hubakia herufi. Kiswahili kina bahati: alfabeti yake haina alama za juu wala za chini, na kwa hiyo watu husahau kwamba kinaweza kuharibika. Huharibika katika ng'. Vichapaji maandishi vingi hubadilisha alama hiyo iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo katika mfumo wa UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu. Seva yenye usanidi wa zamani wa AddDefaultCharset ISO-8859-1 humwambia msomaji kwamba kila baiti ni herufi kamili, na hapo ng’ombe hutokea kuwa ngâ€™ombe. Ilani ya soko la mifugo la Isiolo isiyoweza kuandika jina la mnyama anayeuzwa, wala jina la mto Ewaso Ng’iro, itaaminiwa na nani? Kioromo kimo hatarini vilevile, kwa kuwa katika maandishi yake ya Kilatini alama hiyo ni konsonanti. Wengi hudhani kwamba inatosha kutaja UTF-8 ndani ya ukurasa. Haitoshi, kwa sababu neno la seva hutangulia neno la ukurasa. Marekebisho hufanywa katika usanidi, kwa AddDefaultCharset UTF-8.

Yote yaliyoelezwa yanahusu Apache. Nginx, seva ya Igor Sysoev iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, haina utaratibu wa kuchagua lugha uliojengwa ndani yake. Huko msanidi huutunga mwenyewe kwa amri ya map, na kila kosa la utungaji ni lake.

Kuhusu lugha nyingine za Isiolo, usanidi una mpaka. Viwango vya kimataifa vimezipa zote alama: Kisamburu ni saq, Kiturkana ni tuv, Kimeru ni mer, na Kiborana, pamoja na Kiarsi na Kiguji, ni gax. Seva inaweza kutangaziwa alama hizo zote kwa AddLanguage bila taabu yoyote. Lakini msomaji ataomba tu lugha ambayo simu yake imempa nafasi ya kuichagua, na Kisamburu ni nadra kukutwa katika orodha hizo. Kwa Kiborana yafaa kutumia om, ingawa wataalamu watalalamika kwamba ni alama pana mno, maana hiyo ndiyo yenye nafuu ya kuombwa. Kwa Kisamburu na Kiturkana hakuna mstari wa usanidi utakaosaidia. Hapo yapasa majina ya lugha hizo yaandikwe wazi juu ya ukurasa wenyewe, kila jina kwa lugha yake, na kila moja likiunganishwa na faili lake kwa jina kamili.