Programu ni ya Bure, Ufundi Unalipiwa

Ukiwa fundi wa kompyuta Isiolo, kuna swali utaulizwa mapema sana: "Si umesema hii programu ni ya bure? Sasa elfu sita ni za nini?" Mteja hana ubaya. Amekuona ukiipakua na hujamlipa mtu yeyote. Usipokuwa na jibu, utarudi nyumbani na asante tu.

Jibu liko kwa mwenye mkokoteni wa punda. Maji ya mto hayauzwi, lakini ukitaka mtungi wa lita 20 ufike mlangoni, unamlipa aliyeyachota na kuyaleta.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, uko wazi. Yeyote anaweza kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Wengi hudhani ni haramu kupata pesa kwayo. La. GPL, leseni inayotumika sana, inaruhusu waziwazi utoze pesa. Sharti lake ni kwamba ukimuuzia mtu programu, apate pia msimbo na haki zilezile ulizopata wewe. Kwa hivyo faida ya kuficha haipo, jirani ataipakua kesho. Unachouza ni kazi: kuiweka, kuirekebisha, kufundisha watu na kuja ikikwama.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilikua kwa kuuza huduma na usaidizi wa Linux, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa takriban dola bilioni 34. Hata hapa Kenya tuna mfano. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004, una mizizi yake kwenye mradi wa AMPATH kule Eldoret, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini imejengwa juu yake. Leseni hailipiwi, lakini wauguzi lazima wafunzwe na mtu.

Kwa Isiolo, mimi ningeangalia zaidi ODK na KoBoToolbox. Hizi ni programu za kukusanya majibu ya utafiti kwa simu. Zinafanya kazi bila intaneti. Unajaza fomu ukiwa malishoni, na ukirudi penye mtandao unaituma. Fomu moja inaweza kubeba lugha kadhaa. Sasa fikiria shirika la Nairobi linalotaka kuuliza familia kuhusu ukame na mifugo. Programu wanayo tayari. Wanachokosa ni mtu anayejua swali hilo litaulizwaje kwa Kiborana, Kisomali au Kiturkana bila mzee kukasirika. (Kumuuliza mfugaji idadi ya ngamia wake si jambo dogo!) Ukijua kutengeneza fomu, kuitafsiri na kufunza wanaouliza maswali, una biashara ambayo fundi wa mbali hawezi kukunyang'anya kirahisi.

Tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. Usitaje bei moja kubwa ya "programu". Andika kazi zako moja moja: kuweka, siku za mafunzo, usaidizi wa kila mwezi. Omba malipo ya awali kabla hujaanza, hata nusu. Ada ya mwezi ndiyo itakayokulisha, kwa hivyo kubaliana tarehe na ukumbushe kwa ujumbe siku mbili mapema. Mteja anayetegemea mifugo mpe tarehe inayofuata siku ya soko. Kumdai katikati ya wiki kavu ni kupoteza salio.

Pokea pesa kwa namba ya Till ya biashara badala ya laini yako binafsi. Pesa za kazi hazitachanganyika na za chakula, na ukienda kuomba mkopo sacco utakuwa na taarifa ya miezi sita ya kuonyesha. Zile unazolipwa mkononi hazionekani popote.

Angalia pia jina la biashara. Msimbo kuwa huria hakumaanishi jina ni huria: WordPress, kwa mfano, hawaruhusu uweke jina lao kwenye anwani ya tovuti yako.

Na wewe mteja unayesoma, fundi anaweza kuhitaji nenosiri la kompyuta yako. PIN yako ya simu haihitaji kwa kazi yoyote. Akiiomba, simamisha kazi hapo hapo.