Mamba Muntu na Mama wa Mpunga: Kweli au Uongo?

Aliyekulia Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, hahitaji kuelezwa Mamba Muntu ni nani. Ni yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki na nywele ndefu, nyoka kamzunguka, mara nyingi saa iko mkononi. Miaka ya 1970 picha yake ilitundikwa sebuleni kwa wafanyakazi wa shaba, toka Kipushi mpaka Kolwezi. Wakulima wa Thailand nao wana mwanamke wao, Mae Phosop, mama wa mpunga. Java na Bali wanamwita Dewi Sri. Wapo wanaowatia wote kapu moja na kusema hawa ni miungu wa kike wa kale, tofauti ni majina tu. Tuyapime maneno hayo.

“Mamba Muntu tumemrithi kwa mababu, kabla Mzungu hajafika.”

Uongo, ila kuna ukweli chini yake. Roho za majini ni imani ya zamani kweli. Waluba wana bavidye, roho zinazokaa kwenye maziwa na chemchemi, na kwao mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kubeba roho nzito. Mfalme wao alipofariki, roho yake ilimshukia mwanamke aliyeitwa Mwadi, naye akakaa katika makao ya marehemu na kuletewa kodi kama vile mfalme angali hai. Huo ndio urithi, na ni mkubwa kuliko hadithi ya samaki.

Lakini Mwadi hana mkia. Mkia ulikuja na picha za nguva za mabaharia wa Ulaya. Nywele zile nyingi na nyoka zina safari yao nyingine: katika miaka ya 1880 huko Hamburg, Ujerumani, ilichapishwa picha ya rangi ya mwanamke mchezesha nyoka, tangazo la maonyesho ya kulipia. Picha ikavuka bahari, ikapendwa Afrika Magharibi na kuingia katika ibada ya Mami Wata, roho ya majini ya huko. Mwaka 1955 kampuni ya kalenda ya Shree Ram ya Bombay iliichapisha upya, nakala 12,000, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ghana. Wachoraji wa Kongo walipompaka Mamba Muntu, walikuwa wanaunganisha mkia wa baharia, nyoka wa sarakasi na roho za maziwa yetu. Kwangu mimi hiyo si aibu. Ni kazi ya ufundi.

“Basi yule ni mwanamke wa Kizungu.”

Hakuna uhakika. Rangi yake nyeupe kwenye picha nyingi haitoshi kuwa ushahidi. Mwanahistoria wa sanaa Henry John Drewal, aliyemfuatilia kwa miaka mingi, anasimulia kwamba yule mchezesha nyoka alijulikana jukwaani kama Maladamatjaute, na kwamba aliletwa Hamburg na mwindaji mmoja aliyemwoa katika safari zake za Asia ya Kusini-Mashariki. Kama ni hivyo, sura iliyotundikwa Katuba ilitokea upande uleule wa dunia anakoombwa Mae Phosop. Hapo ndipo watu wanaporuka kwenda kwenye dai la tatu.

“Kumbe Mamba Muntu na mama wa mpunga ni ndugu!”

Uongo mtupu, na hili ndilo linalostahili muda wetu.

Mchezesha nyoka hakuwa mungu wa mpunga, alikuwa mtu wa jukwaani aliyefanya kazi yake. Hata hivyo, waangalie Mamba Muntu na Mae Phosop kwa kitu kimoja kidogo: kitana. Mpunga wa Thailand unapobeba, kabla suke halijachomoza, mkulima humhesabu Mae Phosop kuwa mjamzito. Humpelekea shambani matunda machachu ambayo mama mwenye mimba huyatamani, pamoja na poda, kioo na kitana ajipambe. Anambembeleza, maana roho ya mpunga ni nyepesi kushtuka, na ikikimbia, mavuno yamekwenda nayo. Java walivuna kwa kisu kidogo kinachoitwa ani-ani, kinachofichwa kiganjani, suke moja baada ya jingine, ili Dewi Sri asione makali yakimjia. Mundu ungemaliza kazi mapema zaidi, lakini heshima ilikuwa na bei yake.

Sasa njoo kwetu. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mwanamume anayemkuta Mamba Muntu ametoka majini anachana nywele. Mwanamke akishtuka na kutumbukia, anaacha kitana, au unywele. Mwanamume anakiokota na kukificha nyumbani. Usiku mwanamke anamjia ndotoni kukidai, na hapo biashara inaanza: utajiri, kwa sharti la kufunga mdomo. Wengine wanaongeza sharti la kutogusa mwanamke mwingine, na wengine wanasema deni hulipwa kwa maisha ya ndugu. Kwa Mae Phosop kitana ni zawadi anayopelekewa. Kwa Mamba Muntu ni rehani aliyoibiwa. Mmoja anashibisha kijiji kizima, mwingine anamtajirisha mtu mmoja na kumtenga na ukoo wake. Undugu uko wapi hapo?

“Kila kabila lina mama wa nafaka yake, hata kwetu yupo, ila amefichwa.”

Uongo kwa mji huu. Bukari tunayokula ni ya mahindi, na mahindi, kama muhogo, yalitoka Amerika. Mpunga nao uliingia mashariki ya Kongo kwa wingi: wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani waliupanda Maniema, kuzunguka Kasongo na Nyangwe, katika karne ya 19. Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mfanyakazi wa kampuni ya shaba, Union Minière, hakuvuna unga wake, alipewa posho kambini, na unga mwingi ulipanda treni kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Nani angembembeleza roho ya gunia lililoshushwa stesheni? Kilichotisha na kuvutia mjini hakikuwa mvua kuchelewa. Kilikuwa pesa: kwa nini jirani ambaye mshahara wake ni kama wangu amenunua gari? Swali hilo ndilo Mamba Muntu alilolijibu.

“Waliomtundika ukutani walikuwa wanamwabudu.”

Uongo. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliofanya utafiti hapa miaka ya 1970, walisikia wenye picha wakizieleza kwa neno ukumbusho. Picha ilikuwa ya kuanzisha mazungumzo, mgeni akiwa amekaa na chupa mezani. Mamba Muntu aliuzwa pamoja na picha za mababu na zile za Colonie Belge, askari akimchapa mfungwa kiboko. Wachoraji hawakuwa mapadri wake. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947 na kumchorea Fabian historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia, alizichora pia picha za aina hizi ili apate kula. Na walichora juu ya nini? Magunia ya unga. Yanafumuliwa, yanatandazwa kwenye fremu ya mbao, yanapakwa rangi ya chini, halafu bibi tajiri anakaa juu ya kitambaa kilichobeba unga wa watu.

“Ni wahubiri waliomfukuza Mamba Muntu.”

Nusu. Ni kweli makanisa ya uamsho yalimtangaza kuwa shetani, na ukuta alioacha wazi ukatundikwa Yesu. Lakini mahubiri yaligonga mlango uliokwisha kulegea. Picha hizi zilinunuliwa na watu wa mshahara: makarani, walimu, wafanyakazi wa reli na wa Gécamines (kampuni iliyorithi Union Minière), wenye sebule, viti na wageni. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na Gécamines ikazama. Mishahara ilikuja kwa kusuasua, kisha haikuja kabisa. Asiye na hela ya unga hanunui picha, awe amemwacha Mamba Muntu au bado anamwogopa.

Wala Mae Phosop hajasalimika. Mashine za kuvuna zimeingia mashamba ya Thailand, na sherehe za kumbembeleza zimepungua katika vijiji vingi. Huko hakuna mchungaji aliyehitajika.